Disemba Tunawaokoa, Januari Tunawaacha

(Mada hii ilitolewa Morotonga mbele ya wajumbe wa kamati za parokia kutoka wilaya za Serengeti na Tarime, pamoja na wafadhili waliotutembelea. Tumeifupisha kidogo kwa ajili ya wasomaji wetu.)

 

Tulipoombwa kuzungumzia uonevu miongoni mwa watoto wa shule za msingi, baadhi yetu tuliguna. Tulidhani hiyo ni mada ya mijini, ya watoto wanaopelekwa shule kwa basi. Huku kwetu watoto wanapigana asubuhi, wanaitana majina mchana, na jioni wanakula sahani moja. Ndivyo tulivyokua sisi wenyewe, na tulikua salama. Lakini tulipokaa na walimu na kujiuliza ni watoto gani wanaopotea shuleni mwezi wa Januari na Februari, na wanapotelea wapi, mguno ule ulituisha.

Tuwape mfano wa binti mmoja. Jina lake hatutalitaja, wala shule yake. Alikuwa darasa la sita, na katika hesabu alikuwa hakamatiki. Mama yake alikuwa amekataa katakata asikeketwe, na baba naye, baada ya mvutano mrefu na ndugu zake, akakubaliana na mama. Sisi tulikuwa tukiitaja familia hii kwenye taarifa zetu kama mfano wa kuigwa. Likizo ya Disemba ikapita salama. Januari shule zikafunguliwa, binti akarudi darasani. Wiki ya tatu akaanza kuumwa tumbo. Wiki ya tano akawa haji siku za Jumatatu. Mwalimu akadhani ni malaria. Mama akampeleka zahanati, akapimwa, hakuonekana na ugonjwa.

Kumbe wasichana wanne wa darasa lake, waliokuwa wamepitishwa katika mila ile Disemba, walikuwa wamekataa kukaa naye dawati moja. Kwenye pampu ya maji akifika wanaondoa ndoo zao. Njiani kurudi nyumbani walikuwa wakimwimbia lile neno ambalo ninyi mnalijua kuliko sisi, omosagane, na wavulana nao wakaitikia. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemchania sare. Mwalimu wa zamu asingeweza kuona kitu cha kuandika kwenye daftari lake.

Mwaka huo huo, kabla mama yake hajajua lolote, binti yule alikwenda mwenyewe kwa bibi yake mzaa baba akamwomba apelekwe kwa ngariba. Ndugu zangu, alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake. Mama alipogundua ilikuwa imekwisha kufanyika.

Tunaleta habari hii mbele yenu kwa sababu tulihusika. Tulikuwa tumehesabu kwamba mtoto huyu ameokolewa. Tulihesabu mapema mno.

Sasa hapa kuna mzee atakayetuambia: lakini sisi ni watu wa utani. Ni kweli, na ni jambo jema. Mchaga na Mpare wanataniana mpaka msibani, mtani anaweza kulala juu ya kaburi kabla maiti haijashushwa, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Lakini tuangalie utani unavyokwenda. Mtani akinitupia neno, mimi nina haki ya kumrudishia, tena kali zaidi, na hakuna atakayenikasirikia. Utani una pande mbili. Tena una mipaka ambayo wote wawili tunaijua. Mtoto anayeitwa jina moja kila siku na watoto kumi, naye hana neno la kurudisha, huyo hataniwi. Anaonewa.

Mtaalamu mmoja wa Norway aitwaye Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza jambo hili tangu miaka ya 1970, aliweka vipimo vitatu ambavyo hata mtu asiyesoma anaweza kuvitumia. Je, ni jambo la kukusudia? Je, linarudiwa rudiwa? Je, anayetendewa ana nguvu ndogo kuliko anayetenda, kiasi cha kushindwa kujitetea? Wavulana wawili wenye nguvu sawa wakigombania mpira wa matambara na kutoana damu puani, huo ni ugomvi, na mwalimu anaweza kuumaliza kwa dakika tano. Yale matatu yakikutana, hata kama hakuna tone la damu, huo ni uonevu. Nchi ya Norway yenyewe haikulichukua jambo hili kwa uzito mpaka watoto watatu wa kiume walipojiua mwishoni mwa mwaka 1982. Mwaka uliofuata ndipo serikali ikaanza kampeni katika shule zote. Na tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la UNESCO lilikusanya takwimu za nchi nyingi, na mwaka 2019 likatangaza kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia.

Kinachotofautiana kutoka mahali hadi mahali ni kisingizio. Kwingine mtoto huonewa kwa sababu ya unene, kwingine kwa rangi au lugha. Kwetu pia mtoto mwenye kigugumizi anaigizwa, mwenye ualbino anakimbiwa, yatima anaitwa kwa jina la ugonjwa uliomuua mama yake. Lakini kwa Wakurya, na kwa jirani zao Wangoreme, Waikoma na Wanata, kisu cha Disemba ndicho kinachogawa uwanja wa shule kuliko kitu kingine chochote. Wavulana nao wamo. Asiyetahiriwa ni omorisya, hata akiwa kiranja mkuu, na kuna darasa ambalo wavulana walikataa kupokea amri ya kiranja kwa sababu hiyo tu. Aliyetahiriwa hospitali naye hapumui, anaambiwa alichomwa sindano ya ganzi kwa kuwa ni mwoga. Hatusemi kwamba tohara ya wavulana ni sawa na ukeketaji, hata kidogo. Tunasema kwamba dharau ni ile ile na inatoka katika chungu kimoja.

Na chungu hicho kiko wapi? Tuwe wakweli. Mtoto wa darasa la tatu hajalitunga neno omosagane. Amelisikia nyumbani. Amemsikia shangazi akimwambia mke wa kaka yake kwamba hawezi kumfungulia ng'ombe zizi kwa sababu hajakamilika. Amemsikia baba akisema kilabuni kuhusu mahari ya binti wa fulani. Mtoto analichukua neno, analibeba shuleni ndani ya mkoba pamoja na daftari, na huko anakuta kwamba ni silaha isiyohitaji nguvu. Hata aliye dhaifu kuliko wote anaweza kuitumia.

Kaka zake Yusufu nao walianza kwa kumwita jina la kejeli, wakafika kwenye shimo baadaye. Hilo mnalijua, hatuhitaji kulihubiri hapa.

Sheria haikosekani. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 15. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza mateso na vitendo vya kudhalilisha dhidi ya mtoto, zikiwemo mila zinazomuumiza mwili au akili, na imempa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwenye serikali ya mahali pake anapoona haki ya mtoto inavunjwa. Kazi kubwa imefanyika pia. Kule Tarime kuna kituo cha Masanga. Hapa Mugumu nyumba salama imepokea wasichana wanaokimbia tangu mwaka 2014. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 28. Imepungua, ila kwa mwendo wa kinyonga.

Wafadhili wetu mnapenda kusikia habari za Disemba, nasi tunapenda kuwaandikia. Disemba ina gari la polisi, ina wasichana wanaokimbia usiku, ina sherehe ya kufunga kambi, nyimbo na vyeti. Januari haina picha. Januari kuna binti mmoja anayerudi kwenye dawati lake na kukuta hakuna anayetaka kukaa naye. Hakuna polisi wa kukamata watoto wa miaka kumi na miwili wanaohamisha ndoo zao, wala hatutaki awepo. Kazi ya Januari ni yenu wanakamati, na ni ngumu kuliko ya Disemba.

Kabla ya kusema nini kifanyike, turuhusuni tuseme kuhusu fimbo, maana ndiyo dawa ya kwanza inayotajwa kila tunapofika. Wazazi wanasema: wachapwe, watakoma. Kwanza, kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, zisizidi fimbo nne, na iandikwe kitabuni. Haziruhusu kila mwenye fimbo kuinua mkono. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya watoto walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili kabla ya kufika miaka 18, wengi wao na wazazi na walimu. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi huko Kagera alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba watoto wetu wana upungufu wa fimbo.

Tena fimbo inaharibu jambo lenyewe. Mvulana mmoja tuliyemfahamu alikuwa na miaka 15 na bado yuko darasa la tano. Alikuwa amechunga ng'ombe kwa miaka mitatu kabla ya kuletwa shule, na kusoma kulimshinda. Alikuwa akiwanyang'anya wadogo hela zao za mandazi, na akishikwa anachapwa mbele ya mstari wa asubuhi. Saa nane mchana anamngoja njiani yule aliyemtaja. Baada ya miezi miwili hakuna mtoto aliyethubutu kumtaja tena, na uongozi wa shule ukaandika kwamba tabia yake imekuwa nzuri.

Mwalimu mmoja wa kike alijaribu njia nyingine. Alimkalisha baada ya masomo, akamfundisha herufi peke yake mahali ambapo wadogo hawamwoni, kisha akampa kazi ya kusimamia foleni ya maji, kwa sharti kwamba kila siku aje aeleze nani amechota wa mwisho na kwa nini. Kwa muhula mmoja foleni ilikwenda vizuri. Tungependa kuwaambia kwamba kijana yule sasa ni fundi au mwalimu. Hatujui. Alihamia Nyamongo kwa wajomba zake kabla ya kufika darasa la sita, na mwalimu yule naye alihamishwa.

Lipo pia kosa letu sisi kama shirika, na ni vyema wafadhili mlisikie kutoka kwetu. Kuna mwaka tuligawa mikoba ya shule kwa yatima na watoto wa familia maskini sana. Mikoba ilikuwa mizuri, imara, yote ya rangi moja ya bluu. Tulipiga picha. Ndani ya mwezi mmoja watoto wale walikuwa wamepata jina, "watoto wa msaada," na mikoba ikaanza kuachwa nyumbani. Mtoto mmoja alibeba madaftari yake ndani ya mfuko wa mbolea ili asionekane na mkoba wetu. Hatukuwauliza kwanza. Siku hizi tukipata vifaa tunawakabidhi walimu na kamati ya shule kimya kimya, vyenye rangi mchanganyiko, na hatuombi picha ya mtoto ameshika kitu. Tunaomba wafadhili mtuvumilie katika hilo.

Basi, tufanye nini Januari? Kwanza tujue mahali. Uonevu haupendi macho ya watu wazima. Unakaa nyuma ya vyoo, kwenye pampu ya maji, kwenye korongo lile la njiani ambapo watoto wa vitongoji viwili hukutana. Kila kamati inaweza kuwauliza watoto kumi tu, kila mmoja peke yake, ni wapi hupendi kupita. Majibu yatawashangaza kwa jinsi yanavyofanana. Mkishajua, pangeni mtu mzima mmoja awe na shughuli yake karibu na hapo wakati wa mapumziko na wakati wa kutoka shule. Hahitaji kusema neno. Mama anayeuza karanga anatosha, bora ajue kwa nini yuko pale.

La pili linahusu wale wanaotazama, na hili tungependa mlichukue kwa uzito wa pekee. Katika tukio la uonevu huwa kuna mwonevu, mwonewa, na kundi linalosimama. Kundi hili tunalisahau. Watafiti wa Canada walirekodi watoto viwanjani kwa kamera, na mwaka 2001 wakaeleza waliyoyaona: karibu kila mara wenzao walikuwepo wakitazama, ni wachache walioingilia, lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi! Kuingilia si lazima kupigana. Inatosha mtoto mmoja kwenda kukaa dawati moja na yule binti na kumwambia njoo tukachote maji.

Na huyo mtoto mmoja hapatikani kwa bahati. Anatafutwa. Kabla ya shule kufunguliwa, kila jumuiya yenye msichana anayerudi kutoka kambini au nyumba salama, au aliyekaa kwao bila kukeketwa, itafute wasichana wawili wa darasa lake, iongee na wazazi wao, na ipange watembee pamoja kwenda na kurudi. Ikiwezekana, mmoja awe ni wale waliokwisha kukeketwa. Tunajua neno hili ni zito. Lakini wale nao ni watoto wetu, hawakuchagua, na wengi wao wanawadharau wenzao kwa sababu maumivu yao wenyewe yanahitaji kuwa na maana. Tukiwafanya maadui tutawapoteza wote.

Wazazi nao wajifunze kuuliza. Swali la umefundishwa nini leo hujibiwa kwa neno moja. Uliza umecheza na nani, umekaa na nani, umepitia njia gani. Mtoto anayeanza kuzunguka njia ndefu, anayepoteza penseli kila wiki, anayeumwa tumbo Jumapili jioni, anayeomba hela ambayo hasemi ni ya nini, usimwite mvivu kabla hujakaa naye. Akikueleza, usikimbilie kwenda na fimbo kwa wazazi wa mwenzake. Nenda kwa mwalimu wa malezi, na kama shule ina dawati la ulinzi wa mtoto, lianzie hapo. Ikiwa kuna tishio la kukeketwa au la kuumizwa, ofisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi wapo, na simu namba 116 mtoto anaipiga bila malipo.

Na mafundisho yetu ya Jumapili? Watoto ni wale wale. Tumekuta benchi la kanisani ambalo msichana mmoja anakaa peke yake upande mmoja na wenzake sita wamebanana upande wa pili, na katekista anaendelea kufundisha. Tusiwalaumu walimu wa shule, wenye wanafunzi zaidi ya mia katika chumba kimoja tangu ada ilipofutwa na watoto kuongezeka, wakati sisi tuna ishirini na hatuoni.

Kwa wafadhili, ombi letu ni dogo na halina picha nzuri. Tunaomba sehemu ya fedha za kambi za Disemba ibakizwe kwa ajili ya Januari hadi Machi: nauli ya mtu wa kuzitembelea shule mara mbili kwa mwezi, posho ndogo ya mwalimu wa malezi kwa muda wa ziada, na matengenezo ya pampu pale ambapo maji ni machache kiasi kwamba foleni yenyewe inaleta ugomvi. Katika taarifa zetu, kuanzia sasa, msichana hatahesabiwa kuwa ameokolewa siku anapopewa cheti. Tutamhesabu akiwa bado yuko darasani mwezi wa Juni. Takwimu zetu zitashuka. Tunawaomba msishtuke.

Binti tuliyeanza naye alimaliza darasa la saba. Mama yake yuko nasi hapa leo, na ndiye aliyeturuhusu kusimulia. Alituomba tuongeze jambo moja: kwamba katika miezi ile mitano, kama mtu mmoja tu angemwambia kinachotokea pale kwenye pampu, angeacha shamba akaenda kukaa pale na ndoo yake kila siku.

Tunaishia hapo ili tupate muda wa maswali. Mzee wetu pale nyuma ameinua mkono tangu tulipotaja wazee na utani. Karibu, mzee.